Chambo cha Jumapili

Kitendawili! Nina mtu wangu: mwenyewe huogopa maji, hata matone ya mvua, lakini nguo zake ni mvuvi. Nani huyo? Umeshindwa, basi nipe mji. Mji mkubwa usinipe, una kelele, sitajisikia mwenyewe nikisema. Nipe Inverdallan, kijiji cha nyumba ishirini na tisa kando ya mto Spey, Uskoti. Haya, nimekwenda, nimekaa, nimekunywa chai yao, nimerudi. Mtu wangu ni jogoo.

Jogoo wa Inverdallan hafugwi kwa kuwika wala kwa mchuzi. Hufugwa kwa manyoya marefu ya kiunoni, yale yanayomwagika pande zote mbili za mkia, ambayo wafungaji wa vyambo huyazungusha kwenye ndoana za kuvulia samaki aitwaye samoni. Jumatatu moja ya mwezi wa sita, mwaka wa hamsini na nane, saa nne asubuhi, Grizel Riach alikuwa amemkalisha jogoo wake mapajani, amemfunika kichwa kwa leso, anamchomoa unyoya mmoja mmoja. Kila alipochomoa alimwambia, "Pole, mzee." Jogoo alikuwa na miaka mitano na pole hizo alikwisha kuzizoea.

Bi Grizel alikuwa na miaka sitini na minne, hakuolewa, na alikuwa akifunga vyambo tangu ana miaka kumi na miwili. Jiliwa, kile chuma cha kubania, hakutumia. Ndoana aliibana kwa vidole vya mkono wa kushoto, uzi akaupaka nta na kuushika kwa meno, na kazi ikaenda. Chambo cha Spey kina adabu yake. Vyambo vya mito mingine vinavaa kama bibi harusi; hiki ni cha kijivu na zambarau iliyofifia, kimeinama kidogo, kama mtu aliyetoka msibani. Mwili wake ni sufu. Juu ya sufu unazungushwa utepe mwembamba wa dhahabu kwenda upande mmoja, na unyoya wa jogoo unazungushwa kwenda upande wa pili, kinyume, ili utepe uushike unyoya usikatwe na meno ya samaki. Mwisho mabawa mawili ya manyoya ya bata yanalazwa mgongoni, kama paa la nyumba fupi. Mtoto wa Inverdallan hujua kinyume hicho kabla hajajua kufunga viatu.

Kwa samaki, sufu yoyote inatosha. Kwa wafu, sufu lazima iwe ya mwenyewe.

Kwa hiyo watu walimletea Bi Grizel vitu. Walileta soksi, vitana vyenye nywele, kofia zilizofumuka, brashi ya kunyolea yenye ndevu za marehemu. Mjane mmoja, Teenie Meldrum, alileta kiganja cha manyoya ya farasi yaliyotoka kwenye mto wa kiti alichokalia mumewe miaka thelathini, akauliza kama yatafaa. Yalifaa. Bi Grizel hakukataa kitu, mradi kiwe kilikaa karibu na mwili. Chambo kilirushwa kwenye kilindi cha chini ya daraja, na baada ya muda kama wa kuchemsha yai, marehemu akaja akipanda mto kwa miguu, dhidi ya mkondo, kama samoni warudivyo kutoka baharini, maji yakimfika kifuani. Akapanda ukingoni, akafuta viatu mlangoni, akakaa, akanywa chai, akaulizia bei ya kondoo. Alikaa mpaka nguo zake zikauke. Zikishakauka, kiti kilibaki kitupu.

Ndiyo sababu Inverdallan mgeni umpendaye humkalishi karibu na moto. Na mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, hakuna anayenung'unika. Marehemu Meldrum peke yake ndiye aliyewahi kusogea motoni kwa hiari yake, kwa kuwa mkewe alimchosha.

Mto wenyewe ulikuwa mali ya Jumba, lile jumba la mawe kilimani, tangu maji ya juu mpaka maji ya chini, pamoja na kila samaki aliyemo. Watu waliozaliwa ukingoni walifunga vyambo, waliwabebea wageni wa Jumbani fimbo zao za kuvulia, waliwaonyesha samaki alipolala. Kurusha ndoana hawakuruhusiwa. Kwa hiyo chambo cha wafu kilikatwa ncha ya ndoana kwa koleo. Askari wa mto, Fearchar Tulloch, mtu mnene mwenye kikohozi cha kuhema, aliikagua kwa kidole gumba.

"Isiyochoma si uvuvi," alikuwa akisema, "ni mwaliko."

Kisha aliandika kwenye daftari lake: mwaliko, mmoja.

Siku hiyo ya Jumatatu lango lililia, na mwanamke wa kama miaka thelathini akaingia na sanduku dogo. Alikuwa na koti zuri na viatu visivyofaa kwa matope.

"Samahani, mama. Wewe ndiye Grizel Riach?"

"Inategemea nani anauliza."

"Mimi ni Verna. Mtoto wa Dugald, kutoka Canada."

Bi Grizel alimvua jogoo leso na kumwachia aende. Alijifuta mikono kwenye aproni, mbele na nyuma, mara mbili.

"Una masikio ya mama yetu," alisema. "Ingia, mwanangu, birika lipo motoni."

Walikunywa chai na skonzi. Verna alikuwa mwalimu wa watoto wadogo katika mji wa tambarare ambako, alisema, ukimwona mgeni anakuja una muda wa kuoka mkate kabla hajafika. Baba yake alifariki mwezi wa pili. Ardhi ilikuwa imeganda hata sururu ikadunda, wakangoja mpaka mwezi wa nne kumzika.

"Hakuwahi kusema habari za huku, shangazi. Hata siku moja. Lakini kanisani kwetu kulikuwa na bwana mmoja wa mji wa jirani na hapa, akawaambia watu kwamba baba alifukuzwa kwa kuiba samaki. Tena Jumapili."

Bi Grizel alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

"Walikuwa wakichagua wazee wa kanisa kila mwaka," Verna aliendelea. "Miaka thelathini, na jina lake halikusomwa. Alikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na stovu. Akawa ndiye mtia kuni. Mimi nataka kumwuliza mwenyewe, uliiba au hukuiba? Nikishajua, nitasimama mbele ya kanisa niwaambie."

Alifungua sanduku, akatoa mkono mmoja wa sweta, umeliwa na nondo kuanzia kiwikoni. Ulikuwa wa zambarau ya kuvu la miambani. Bi Grizel hakuhitaji kuugusa. Kuvu hilo alilikwangua yeye, akalichemsha yeye kupata rangi, na karibu na kifundo palikuwa na mafundo mawili aliyoyaruka kwa haraka, mwaka wa ishirini na moja.

Mwaka huo, Jumatatu moja ya mwezi wa tano, samoni wa ratili kumi na nane alikutwa amening'inia kwenye banda la kina Riach, chambo bado kipo mdomoni. Alikuwa samaki wa jana yake, na jana yake ilikuwa Jumapili, siku ambayo mto hupumzika kwa sheria ya nchi na ya kanisa. Aliyemvua ni Aeneas, kijana wa Jumbani, mwenye miaka ishirini. Alitaka kujionyesha mbele ya rafiki zake, kisha akamkumbuka baba yake alivyo, akaogopa, akamtundika samaki kwenye banda la kwanza alilolikuta wazi. Dugald Riach alikuwa mwongoza wavuvi wa Jumba, na banda lilikuwa lake. Jumapili hiyo alilala tangu alipotoka kanisani mpaka jioni.

Msimamizi wa Jumba alikuja na chambo ndani ya karatasi, akakiweka mezani mbele ya Grizel.

"Mkono uliofunga hiki ni wako?"

"Ni wangu, bwana."

"Ulimfungia nani?"

Kwenye sufu ya zambarau palikuwa na nyuzi chache za njano. Yalikuwa manyoya ya mbwa wa Aeneas, ambayo kijana mwenyewe aliyachana, akayatia kwenye bahasha, akamletea Grizel Jumamosi asubuhi amfungie. Grizel aliyatambua mara moja, kama mtu anavyolitambua jino lake kwenye mkate.

"Nafunga vingi, bwana," alisema. "Sikumbuki."

Mama yao alikuwa kitandani mwaka wa tatu, na kitanda kilikuwa ndani ya nyumba iliyokuwa mali ya Jumba. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa. Lakini ilikuwapo na nyingine, ndogo, ambayo hakumwambia hata jogoo: kijana yule alipokipokea chambo alikigeuza mbele ya mwanga, akasema hakuna mikono kama hii kwenye mto mzima. Grizel alikuwa na miaka ishirini na saba, na kabla ya hapo hakuna mtu aliyemsifia chochote.

Dugald aliachishwa kazi kabla ya chai ya jioni. Wasimamizi waliandikiana barua, na mito yote toka milimani mpaka baharini ikamfungia. Grizel alimfumia sweta kwa siku tisa. Stesheni, gari moshi likiwa limeanza kuvuta, Dugald alitoa kichwa dirishani akamwuliza swali lilelile la msimamizi, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza saa.

"Grizel, kile chambo ulimfungia nani?"

Grizel alimpungia mkono tu. Baada ya hapo, kila Mwaka Mpya ndugu hao waliandikiana. Dugald aliandika: Tu wazima, baridi kali. Grizel alijibu: Tu wazima, mvua nyingi. Barua thelathini na saba zilikwenda na thelathini na saba zilirudi, na hakuna iliyozidi mistari miwili.

"Sufu hii itatosha?" aliuliza Verna.

"Itatosha vyambo viwili," alisema Bi Grizel. "Vitatu, kama angekuwa mfupi."

Alikaa dirishani akafumua. Alizungusha sufu, akazungusha utepe wa dhahabu, akachukua unyoya wa asubuhi, na vidole vyake vikauzungusha kwenda upande uleule wa utepe. Aliona. Angeweza kurudi nyuma mizunguko mitano akarekebisha. Alifunga fundo, akakata uzi.

Ukingoni Fearchar alipapasa ndoana iliyokatwa ncha, akaridhika. Bi Grizel alishika ile fimbo ndefu kwa mikono miwili, akarusha kwa mtindo wa pale, kamba bila kwenda nyuma ambako kuna miti, ikiviringika mbele kama shuka inayokung'utwa. Chambo kilitua chini ya daraja. Wakangoja.

Dugald alikuja kinyumenyume. Kwanza walikiona kisogo, halafu mabega, halafu koti zito la Canada likitoa maji. Alipanda mto kwa mgongo, hatua baada ya hatua, uso ukitazama alikotoka. Alipita mbele yao, akapita chini ya daraja, akaendelea kwenda maji ya juu mpaka kona ikamficha.

"Bi Grizel!" Fearchar alicheka mpaka kikohozi kikamshika. "Umezungusha unyoya kama watu wa kusini! Mama wa watu, hata mjukuu wangu wa miaka minane hawezi kukosea hivyo. Ngoja nimwambie Teenie."

"Mwambie na mchungaji, atangaze kanisani," alisema Bi Grizel.

"Nitamwambia." Alilamba penseli, akaandika: mwaliko, mmoja, mgongo.

Verna alibaki akiitazama ile kona. "Mgongo wake naujua," alisema. "Miaka yote ya mwisho alitupa huo. Mimi nilitaka uso."

Bi Grizel aliikunja kamba taratibu.

Jumanne mvua ilinyesha kutwa, mvua nzuri, ya kumweka mgeni hata siku mbili, lakini Bi Grizel alisema macho yanamsumbua. Verna alikwenda kwa Fearchar kumwuliza habari za daftari la zamani. Alimkuta anakula uji wa oti kwenye sufuria.

"Liko Jumbani," alisema Fearchar. "Nimelisoma. Dugald Riach, samaki wa Jumapili, amefukuzwa. Mstari mmoja."

"Ikijulikana kwamba si yeye, linaweza kufutwa?"

"Dada yangu, wino wa Jumbani haufutwi. Mwaka wa thelathini na nne walimwandika baba yangu kwenye orodha ya waliokufa, kwa bahati mbaya. Mzee mwenyewe yu hai, anakata nyasi. Alikwenda akawaambia. Wakamsikiliza vizuri sana, wakampa na bia. Akarudi nyumbani, akafikiri wiki mbili, akaona atawaletea watu usumbufu. Akafa."

"Pole."

"Ahsante. Alikuwa mtu wa kuelewa mambo."

Jumatano kulikucha jua kali, jua la kukausha hata ukuta. Meli ya Verna ilikuwa Ijumaa na gari moshi la kumpeleka bandarini lilikuwa alasiri ya Jumatano hiyohiyo. Bi Grizel alitazama mbingu kutoka mlangoni, akaona hakuna wingu hata la kuazima.

"Siku mbaya," alisema.

"Jana ilikuwa nzuri," alisema Verna. Hakusema kwa ukali, na ndiyo maana maneno yalipenya.

Bi Grizel alichukua sufu iliyobaki. Verna alivuta kiti karibu, akatazama vidole. Utepe ulikwenda upande huu. Unyoya ulikwenda upande ule.

"Shangazi, juzi ulikosea?"

"Nilikosea."

"Mikono ya miaka hamsini?"

"Mikono haikukosea, mwanangu."

Bi Grizel aliuma uzi, akaukata, akaondoka kwenda kutafuta koleo.

Walitayarisha nyumba. Moto waliuzima. Blanketi walililowesha wakalitundika dirishani. Kiti cha Dugald walikiweka kwenye ukuta wa kaskazini, ule wenye ukungu. Kisha wakaenda mtoni, na saa sita kasorobo Dugald Riach akaja akipanda mto kwa mbele, ndevu nyeupe, koti zito, macho wazi. Alipofika ukingoni Fearchar alimpa mkono kumvuta.

"Karibu nyumbani, Bwana Dugald. Utaniwia radhi, lazima niandike."

"Andika," alisema Dugald. "Uliwahi kuniona na wewe umevaa nepi."

Alifuta viatu mlangoni, akavivua. Aliinama kuingia, ingawa mlango haukuwa mfupi kiasi hicho. Alikumbuka kofia aliyokuwa akivaa zamani.

"Habari za siku nyingi, Grizel."

"Nzuri, kaka. Kaa hapo."

"Bado unapika chai nyepesi?"

"Na wewe bado hujanyoa."

Verna alimkumbatia, akalowa mbele yote, na hakujifuta. Dugald alikunywa vikombe viwili. Aliuliza habari za kaburi la mama, akaambiwa limeinama kidogo. Aliuliza habari za jogoo, akaambiwa huyu ni kitukuu wa yule wake. Wakati huo kola ya koti lake ilikuwa imekwisha kukauka, na Verna aliiona.

"Baba, uliiba yule samaki?"

"Umevuka bahari siku saba kuniuliza hilo? Nilikuwa chumba cha pili miaka yote."

"Nilikuuliza. Ulikuwa unakwenda kutia kuni."

"Ni kweli," alisema Dugald. "Nilikwenda." Alikigeuza kikombe. "Sikuiba. Nilikuwa nimelala, buti miguuni. Lakini hilo ni neno langu tu, na neno langu walikwisha kulisikia."

Alisema hayo bila kumtazama dada yake. Dada yake alikuwa akipanga skonzi kwenye sahani, akizipanga upya.

Hapo mlango ulifunguliwa, jua likaingia mpaka katikati ya chumba, na Sir Aeneas akaingia nalo. Sasa ndiye aliyekuwa mwenye Jumba, miaka hamsini na saba, mguu mmoja una jongo, fimbo mkononi, mtu mpole, anayewasalimu watu wote kwa majina. Alifuata vyambo vyake sita, kwa ajili ya wageni wa wiki hiyo.

Dugald alisimama, akasogea mbele kumpokea.

"Aa, Dugald," alisema Sir Aeneas. "Umelowa."

"Ndiyo, bwana."

"Canada ilikufaa?"

"Baridi, bwana."

"Nasikia hivyo. Na miti mingi sana." Alimwinamia Verna kwa heshima. "Huyu ni wako? Hongera."

Dugald alikuwa amesimama kwenye lile jua la mlangoni, mikono ameishikanisha mbele, na koti lake likaanza kufuka mvuke. Upande wa kulia wa kifua ulikuwa umekauka. Kisha wa kushoto.

"Baba, kaa!" Verna alisema. "Rudi ukutani!"

"Siwezi kukaa, mwanangu. Bwana amesimama."

Kule Inverdallan hivyo ndivyo ilivyokuwa, na kifo hakikuwa kimempa mtu ruhusa ya kubadili. Bi Grizel alivuta kiti chake haraka, akakisukuma mbele ya Sir Aeneas. "Keti, bwana. Tafadhali, keti kidogo."

"La, la, siketi, nipo njiani," alisema Sir Aeneas, na hakuondoka. Aliufungua mlango zaidi apate mwanga. Alikitoa chambo cha kwanza kwenye kisanduku, akakigeuza mbele ya jua, akakitazama tumbo, akakitazama mabawa. Akakitoa cha pili. "Hakuna mikono kama hii," alisema, "kwenye mto mzima."

Bi Grizel alisikia maneno hayo yakiingia mahali palepale yalipoingia zamani, na safari hii yakamkaa kama mwiba wa samaki.

Mikono ya koti ilikauka. Suruali ilikauka mapajani, ikakauka magotini. Verna alichukua jagi la maji, akammwagia baba yake begani. Yalipita kama yanavyopita kwenye mgongo wa bata, yakaishia sakafuni. Maji ya jagi hayakuwa ya mto. Alijua hilo, alimwaga tu. Dugald alimshika mkono, akamwambia aache, sakafu ya shangazi itaharibika.

Sasa iliyobaki imelowa ni soksi moja tu, ya kushoto, na yenyewe kisigino tu.

"Grizel," alisema Dugald. "Kile cha Jumapili. Ulimfungia nani?"

Sir Aeneas alikuwa na chambo cha nne kwenye mwanga. Hakukishusha wala hakukigeuza. Alikuwa amelelewa vizuri, na katika malezi hayo kuna kutosikia.

"Wote walijua," alisema Dugald kwa upole. "Msimamizi alijua kabla hajakifungua kwenye karatasi. Jumbani walijua. Hata ungesema, kazi nisingerudishiwa. Wangetafuta samaki mwingine. Mimi sikuuliza kwa ajili ya kazi."

Verna alimtazama shangazi yake. Kisha alimtazama yule bwana mpole mlangoni. Kisha alimtazama shangazi yake tena, muda mrefu zaidi, na taratibu akaliweka lile jagi mezani.

Bi Grizel aliitazama nyumba: kitanda alichofia mama, dirisha la kufungia vyambo, na kuta ambazo hata moja haikuwa yake. Daftari lilikuwa kilimani, na wino wake ulikuwa mkavu miaka thelathini na saba. Alitazama kisigino cha kaka yake. Palibaki alama ya maji ya ukubwa wa sarafu, halafu ya ukubwa wa kifungo.

"Nilimfungia huyu hapa, kaka," alisema. "Kwa manyoya ya mbwa wake. Na nilikumbuka tangu walipokiweka mezani."